Maneno Uliyomwekea Anti Fortunata kwenye Kompyuta

Duka la Vifaa vya Umeme,
Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo,
Dar es Salaam.

19 Aprili 2024

Mpendwa kaka Elibariki,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza kwa sababu wewe ni mkubwa kwangu, na mama hakunilea kuruka salamu hata nikiwa na hasira. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na yule mtoto tunayemwona kwenye picha tu. Baridi ya huko imepungua? Kifua je? Mama anasema mara ya mwisho mlipoongea ulikuwa unakohoa, na ameniagiza nikuulize kama ile tangawizi uliipata au iliishia kwa watu wa forodha.

Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Mvua zimeshika kweli kweli. Jangwani palijaa maji, barabara ikafungwa, mji mzima ukazunguka. Baba presha yake imetulia, ila chumvi amekataa kuiacha, na ukimwambia anasema wewe siyo daktari.

Najua unashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu ipo. Simu yako imenichosha, kaka. Nikikuandikia jambo zito unanijibu kwa picha ya kidole gumba. Nikipiga, uko kwenye kikao. Sasa Bwana Harsh, jirani yetu wa vitambaa, anakuja huko Toronto kumwona dada yake Indumati, nikamwomba akukabidhi hii mkononi. Ameniahidi hataondoka mlangoni kwako mpaka aone umeifungua.

Nianze na haki yako. Ule mfumo mpya uliotuwekea kwenye kompyuta za duka ni mzuri. Zile mashine zilikuwa zimekufa, ukiwasha unaenda kunywa chai unarudi bado zinafikiri. Sasa hazigandi. Virusi hakuna. Baba alijisifu mtaa mzima kwamba mtoto wa kaka yake amekaa Kanada na ametengeneza duka la Kariakoo bila kupanda ndege. Hilo nakupa, na asante.

Ila yale maneno ya mwanzo, Elibariki! Yale yanayotokea mtu akishawasha kabla hajagusa chochote! Ulituambia umetuwekea Kiswahili ili watu wasihangaike. Tukafurahi. Umewahi kuyasoma hayo maneno mwenyewe, kwa sauti, ukiwa umekaa kwenye kiti? Nakuandikia hapa uyasome: "ONYO. Mfumo huu ni wa watumiaji walioidhinishwa pekee. Shughuli zako zote zinafuatiliwa na kurekodiwa. Anayekiuka atachukuliwa hatua za kisheria." Mekundu, juu ya kioo cheusi. Ndiyo karibu yako kwa watu wa duka la baba yako mdogo.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana nina uhakika Benedict hajakueleza, na kama amekueleza amekueleza kwa faida yake.

Wiki ile ile tuliyoanza kutumia mfumo mpya, katoni za nyaya za shaba zilionekana hazipo kwenye stoo yetu ya Jangwani. Siyo katoni chache. Pantaleo, mtunza stoo, alikuwa amekwenda kuzika Marangu, na simu yake haipatikani. Baba akawa anapita dukani anauliza kila mtu, nyaya zangu ziko wapi, na sauti yake unaijua. Watu wakaanza kuangaliana kwa pembeni. Hali ilikuwa hivyo.

Asubuhi moja anti Fortunata akakaa kwenye kompyuta yake. Unamjua anavyofanya kazi: anapokea simu za wateja wa mikoani, anaandika oda, anachapisha, anampa mpakiaji. Miaka yote hiyo, kwa daftari, halafu kwa ile mashine ya zamani. Siku hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia peke yake kwenye huo mfumo wako. Akakutana na lile onyo. Akalisoma lote, akavaa miwani vizuri akalisoma tena. Mimi nilikuwa upande wa taa nahudumia mteja, nikamwona tu anapangusa mikono kwenye khanga kama anayetaka kushika kitu cha watu.

Aliingia. Akaandika oda ya mteja wa Singida. Alipotaka kuchapisha, kompyuta ikamtaka ruhusa, akaandika neno lake la siri, lile ulilompa wewe mwenyewe. Ikamjibu hivi, nilikuja kuiona baadaye ikiwa bado kwenye kioo: "FORTUNATA hayumo katika orodha ya walioidhinishwa. Tukio hili litaripotiwa."

Jina lake, kaka. Kwa herufi kubwa. Tukio litaripotiwa. Kwa nani? Wewe na mimi tunajua haliripotiwi kokote, ni maneno tu ya mashine. Yeye atajuaje? Nyaya zimepotea, bosi anauliza, na kompyuta iliyotengenezwa na mtoto wa nyumba hiyo hiyo inamwambia anafuatiliwa, kisha inamtaja kwa jina.

Alichukua pochi yake, akafunga khanga vizuri, akatoka. Mteja wa Singida bado alikuwa anapiga simu.

Basi Benedict akapata la kusema. Mdogo wako huyo, mbele ya wapakiaji, mbele ya Evelyn wa kaunta, mbele ya wateja waliokuwa wamesimama: "Si mmeona? Mtu msafi hakimbii. Kompyuta imemkamata kabla yetu." Baba akanyamaza. Kunyamaza kwa baba kuliniuma kuliko maneno ya Benedict, kwa sababu watu wote waligeuka kumtazama yeye, na kila mmoja akaondoka na jibu lake. Mchana hadithi ilikuwa imefika Msimbazi. Jioni mwanamke wa mgahawa tunakonunua chakula ananiuliza, eti ni kweli yule mama amewekwa ndani?

Nilimpigia, hakupokea. Kesho yake nikaenda Buguruni nikamtafuta. Bado anakaa kwenye chumba kile kile, nyuma ya mafundi gereji. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda anachambua mchele, na mchele ulikuwa umeshachambuliwa, ni mweupe kabisa, anaurudia tu.

"Umetumwa kunichukua?" akaniuliza.

"Nimekuja mwenyewe, anti. Shikamoo."

"Marahaba. Kaa." Akanisogezea kigoda. Halafu akaniuliza swali ambalo tangu siku hiyo nalala nalo naamka nalo: "Jovitha, Elibariki alipoandika yale maneno, alijua ni mimi nitakayeyasoma?"

Ningesema ulijua, ningekuwa nimekutukana. Ningesema hukujua, ningekuwa nimesema ulikaa ukaandikia watu wa duka letu bila kuwaza hata mmoja wao ni nani. Nikamwambia tu kwamba ni maneno ya mashine, hayana maana, hakuna ripoti, hakuna polisi. Akanitazama.

"Kama hayana maana," akasema, "yameandikwa ya nini?"

Kaka, wewe umesoma. Mjibu.

Siku hiyo hiyo nikakupigia, unakumbuka? Uliponipokea ulicheka. Ulisema, "Ni ya kawaida hiyo, Jovi, kila kampuni inaweka. Ni kwa ajili ya usalama." Usalama wa nani? Mwenye nia ya kuiba hatakaa asome onyo lako na kughairi. Anayesoma ni mtu mwoga, mgeni, mwenye heshima zake, anayesoma kila neno kwa sababu anaogopa kuharibu kitu cha tajiri. Huyo ndiye uliyemtisha. Na kwamba kila kampuni inaweka, hapa siyo kila kampuni. Hapa ni dukani kwetu, kwa watu waliokushika mkono.

Maana hilo nalo nitalisema. Ulipoletwa Dar mara ya kwanza kusoma chuo, hujui hata kuvuka barabara, baba alikuwa safarini. Aliyekuja kukupokea stendi ni nani? Aliyekupitisha mtaa kwa mtaa, akakuonyesha pa kula, akakuonyesha pa kutopita jioni, akakuandikia namba ya duka kwenye kikaratasi akakutilia mfukoni mwa shati na kukuambia ukipotea usione aibu, piga? Mama ndiye anayependa kuisimulia hiyo, na anacheka akifika pale uliposhika pindo la khanga ya anti Fortunata katikati ya watu na wewe umeshaota ndevu. Safari hii nilipomkumbusha hakucheka.

Nikarudi dukani nikamwambia baba amwombe radhi. Akasema tusubiri Pantaleo arudi, nyaya zijulikane zilipo, ndipo tuzungumze. Nikamwambia, baba, kumbe radhi yako inategemea nyaya? Zikipatikana ni mtu mwema, zisipopatikana ni mwizi? Amekufanyia kazi tangu duka likiwa meza moja, na wewe unasubiri katoni zimtetee? Sijawahi kumpandishia baba sauti maishani mwangu. Evelyn akafunga mlango wa kioo wateja wasisikie. Baba akatoka akaenda kukaa kwa Bwana Harsh, hakurudi mpaka jioni.

Pantaleo alirudi kutoka Marangu, akashangaa tunavyomtazama. Nyaya ziko wapi? Ziko ghorofani kwa Bwana Harsh! Aliona mawingu, akajua Jangwani patajaa, akazihamisha kabla hajapanda basi. Bwana Harsh alimpa tu kijana wake funguo afungue chumba, hakujua kilichowekwa mle ndizo nyaya zinazotafutwa. Na Pantaleo alimtumia Benedict ujumbe wa simu kumwarifu. Benedict hakuufungua. Upo mpaka leo kwenye simu yake, nimeuona kwa macho yangu. Maji yaliingia stoo kweli, yakafika magotini. Bila Pantaleo tungepoteza mzigo wote.

Benedict alipoulizwa alisema ujumbe ulikuja mwingi siku ile. Basi. Hilo ndilo neno lake.

Baba, nampa haki yake, alikwenda Buguruni mwenyewe. Anti Fortunata akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Umeniomba radhi chumbani kwangu, Anselmi. Mimi sikuitwa mwizi chumbani." Ndivyo ilivyobidi baba asimame dukani asubuhi, wapakiaji wote wapo, aseme kwamba Fortunata hakuiba, hakushukiwa kwa haki, na yeye alikosea kunyamaza. Benedict naye akasema, akitazama sakafu. Mimi nililia. Anti Fortunata hakulia. Alisema ahsanteni, akaenda kuchukua simu ya oda.

Lakini kwenye kompyuta hakukaa. Alisema ataandika kwa mkono, Evelyn aingize, mpaka siku yale maneno yatakapoondoka. Na hayaondoki, kaka, kwa sababu neno kuu la siri unalo wewe peke yako. Nilimleta fundi wa simu na kompyuta kutoka Mtaa wa Aggrey, kijana mjuzi, akaangalia akasema bila hilo neno njia ni moja, kufuta kila kitu na kuanza upya. Umefunga duka la watu ukaondoka na ufunguo Kanada.

Kwa hiyo tumekaa tukaandika maneno yetu. Usidhani ilikuwa rahisi. Ujumbe wa kwanza niliandika mimi, nikajiona nimepatia: karibu sana, tunafurahi kuwa nawe, mfumo huu mpya utakurahisishia kazi, na kuendelea, kama mshereheshaji wa harusi. Nikauandika kwenye karatasi nikaubandika juu ya kioo, nikamwita Evelyn asome. Alisoma mstari mmoja, akatafuta pa kubonyeza.

"Hukusoma," nikamwambia.

"Niliona ni tangazo, dada," akasema.

Nikakata. Baba akataka tuweke jina la duka kwa urefu wake na namba za simu zote nne. Benedict akataka tubakize japo mstari mmoja wa onyo, kwa heshima, anasema. Nikamwambia heshima ya onyo tumeshaiona. Tukagombana mchana mzima, wateja wanaingia wanatoka, mmoja aliyekuja kununua swichi akachangia kabisa kwamba herufi ziwe kubwa, yeye macho hayaoni.

Mwisho nikampelekea anti Fortunata pale alipokuwa na simu zake. Nikamwuliza, ukikaa hapo asubuhi, unataka kitu gani ukijue kwanza? Akasema: "Kwamba nimekaa kwangu. Halafu pa kuanzia. Halafu nikikosea, nimwite nani." Nikamwuliza na mwisho? Akasema: "Namna ya kutoka. Mtu asiyejua pa kutokea hatulii."

Nakuandikia hapa chini maneno tuliyokubaliana. Uyaweke hivi hivi. Usiyapitishe kwenye mashine yoyote, usiyarekebishe Kiswahili, usiongeze neno "idhinishwa" mahali popote. Jina libadilike kufuatana na mtu aliyeingia, najua unaweza. Herufi ziwe kubwa, rangi isiwe nyekundu.

"Karibu, Fortunata. Hii ni kompyuta ya duka letu, na wewe ni mwenyeji hapa.
Kuandika oda, bonyeza picha ya daftari. Kuchapisha, bonyeza picha ya printa.
Ukikosea, hakuna kinachoharibika. Rudi nyuma ujaribu tena.
Ukikwama, mwite Jovitha, yuko dukani.
Ukimaliza kazi, bonyeza Toka. Oda zako zimehifadhiwa."

Na lile la pili, linalotokea mtu akigusa kitu kinachohitaji ruhusa, liwe hivi: "Hapa panahitaji ruhusa. Mwite Jovitha akufungulie. Hujakosea."

Tumeyajaribu yote mawili kwa karatasi. Evelyn aliyasoma mpaka mwisho. Mzee mmoja mpakiaji ambaye hajawahi kugusa kompyuta alikaa, akasoma kwa kidole, akafika kwenye picha ya daftari mwenyewe, akacheka kwa sauti mpaka Bwana Harsh akaja kuuliza kuna nini.

Umeona jina langu limo. Maana yake nimpe mtu ruhusa akiniita, siyo nisimame pale nami nasoma onyo pamoja naye. Kwa hiyo nataka neno kuu la siri. Siombi, kaka, nalitaka. Ukiwa na wasiwasi nitaharibu, niandikie maelekezo, nitayasoma. Ila duka haliwezi kuendelea kufunguliwa na mtu aliyelala wakati sisi tuko kazini.

Nimeandika kwa hasira na sifuti. Ningekuwa sikupendi ningelalamika kwa watu wengine nikakuacha uendelee kusifiwa. Najua hukukusudia. Ndiyo maana nataka siku nyingine, ukitaka kuandika neno la kusomwa na mtu, ufikirie kwanza sura yake. Huku kwetu sura zote unazijua.

Mambo mengine ni ya kawaida. Nyumba ya Marangu imepakwa rangi, mama mkubwa amechagua ya kijani na hakuna aliyethubutu kumbishia. Nami nimeanza kusomea uhasibu jioni, Mungu akipenda nitamaliza mwakani.

Baba anakusalimu, anasema kazi yako ni nzuri ila umsikilize Jovitha. Mama anakusalimu na anamsalimu wifi, anaomba picha ya mtoto akiwa amesimama. Evelyn na Pantaleo wanakusalimu. Benedict atakuandikia mwenyewe, nimemwambia asifiche kitu. Mungu awalinde ninyi nyote watatu katika baridi hiyo, akupe afya ya kifua na moyo wa kusikia.

Nilimwuliza anti Fortunata kama ana salamu zake niziandike. Alikuwa anaongea na mteja wa Mbeya, akafunika simu kwa kiganja. Akasema: "Usiandike. Mwambie anipigie, nitamsalimia mwenyewe."

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Jovitha